Mapenzi ya Enzi za Mishumaa

Siku Wajiha alipovua nguo nyeusi nilishangilia, maskini ya Mungu, sijui hata ninachokishangilia.

Ilikuwa jioni, mwanzoni mwa Septemba, na jua la Markham, hapa Canada, lilikuwa bado linawaka bila habari kwamba kiangazi kimekwisha. Nilisimama nje ya ofisi yetu nikimngoja atoe gari. Alipofika na kunifungulia mlango nikamwona ndani ya gauni la manjano, mtandio wa manjano, na vipuli vya dhahabu nilivyokuwa nimevisahau. Tangu Muharram ilipoingia nilikuwa nimezoea kumwona kavaa nyeusi tii, utosi hadi kisigino.

"Ala!" nikasema. "Leo mwenzangu umetoka bibi harusi kabisa!"

Hakucheka. Alinitazama kidogo, akaondoa macho yake kwangu na kuyapeleka barabarani.

"Funga mkanda, Oti," akasema.

Nikafunga. Mimi kwa kawaida nikiambiwa jambo kwa sauti ile hufanya kwanza, maswali baadaye. Baba yangu mzee Nicolaus, huko Kamachumu, alitulea hivyo sisi binti zake.

Kazini mimi hupokea simu za wateja wenye hasira, na yeye huzikagua programu zetu kabla hazijawafikia hao wateja wakakasirika. Anakaa na mama yake Unionville, karibu na ofisi kiasi kwamba angeweza kutembea. Mimi nakaa Malvern. Kunipeleka mimi nyumbani ni sawa na mtu wa Kariakoo aende Ilala kwa kupitia Bagamoyo. Lakini alikuwa akinipeleka kila jioni, mwaka mzima sasa, na mama yake aliamini anatafuta thawabu.

Thawabu yenyewe ilikuwa riwaya. Wajiha alikuwa mgonjwa wa riwaya za mapenzi ya kale, zile za magari ya farasi na magauni ya kufagia sakafu, lakini si zile ambazo bwana mkubwa anamwoa yatima. Zake zilikuwa za wanawake wawili, au wanaume wawili, waliopendana enzi ambazo kila kitabu cha historia kinaapa kwamba watu wa namna hiyo hawakuwepo. Tulizisikiliza garini, zikiwa zimerekodiwa, msomaji akisoma kwa sauti nzito ya kikohozi, sisi tukiburuzwa na foleni ya barabara ya Steeles. Mwanzoni nilizicheka.

"Watu wa zamani gani hawa?" nilimwuliza wakati ule. "Hakuna anayeharisha, hakuna kipindupindu, kila mtu ana meno yote, na kutwa wananukia maua!"

"Nyamaza usikilize."

"Na huyu mjane ameoga wapi, nyumba nzima ina karai moja?"

"Oti, nitakushusha hapa hapa."

Lakini mcheka kilema hafi bila kumpata. Kabla baridi haijaisha mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha tulipoishia. Na hii ya sasa ilinishika kweli. Mjane ana kiwanda cha mishumaa. Anamwajiri msichana wa kuwasomea wafanyakazi kwa sauti wakati wakichovya tambi kwenye nta, wasisinzie. Basi msichana anasoma, mjane anasimama mlangoni anajifanya anahesabu mishumaa, na kila mtu kiwandani anajua kwamba mjane hahesabu chochote. Tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho. Nikanyoosha kidole niiwashe.

"Leo hapana," Wajiha akasema.

"Hapana vipi? Wenzio tumelala na roho juu!"

"Leo sitaki wafike mwisho."

Ndipo nilipomtazama vizuri. Wajiha husoma ukurasa wa mwisho kwanza. Anapokichukua kitabu maktaba hufunua nyuma, akiwa amesimama, na akikuta wale wawili wako hai na wako pamoja, ndiyo anakwenda kukaa. Asipowakuta anakirudisha kabatini. Niliwahi kumwambia huko ni kula pilau kwa kuanzia na soda, akanijibu kwamba huzuni anayo ya kumtosha nyumbani, haendi kuikopa maktaba. Mtu wa namna hiyo akikataa kusikia mwisho mwema, kuna jambo.

"Nani kakuudhi?" nikauliza.

"Hakuna."

"Wajiha."

"Nimekwambia hakuna. Msiba umekwisha jana, basi."

"Si ndiyo vizuri? Mimi nimeona rangi nimefurahi."

Nilijua habari za msiba ule, kwani ndio uliotukutanisha. Mwaka uliotangulia nilikuwa mgeni ofisini, nikamwona dada mmoja amevaa nyeusi wiki nzima, wiki ya pili, ya tatu, na hakuna aliyemwuliza. Nikaona hii ofisi haina watu. Nikamfuata kwenye birika la chai, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili kama tufanyavyo kwetu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Bukoba nimeona ana msiba, pole sana, aliyefariki ni nani wake? Akanitazama. Akaniuliza kwa Kiswahili kama mimi ni wa Tanzania. Kisha akasema ni Imamu Husein. Nikasema maskini, alikuwa mtu mzima? Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba imepita zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Nilitaka sakafu inimeze. Lakini yeye machozi yalimlengalenga. Alisema tangu azaliwe hajawahi kupewa pole ya Muharram na mtu asiye wa kwao, akaipokea kama inavyopokewa. Mimi tangu siku ile sikuwa wangu tena.

Baadaye, tulipokwisha kuambiana ya kuambiana, nilimwuliza kwa nini hazipendi riwaya za watu wa leo. Alijibu kwamba watu wa leo wanamtia hofu, wana simu na shangazi na makundi ya WhatsApp. "Wale wa zamani wamekwisha kufa, Oti," alisema. "Hakuna wa kumpigia mama yao." Tulicheka sana siku hiyo. Halafu akasema jambo jingine, taratibu, kwamba kwao mtoto hufundishwa tangu mdogo kuwalilia watu wa kale kama waliofariki jana, na moyo uliofundishwa hivyo hauwezi kusema fulani ni wa zamani, hanihusu.

Sasa tulikuwa tumekunja kuingia barabara ya Markham. Taa ikawa nyekundu.

"Nina jambo la kukwambia," akasema. "Usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Miezi ya msiba kwetu Mashia hakuna harusi. Hakuna posa, hakuna hata kuzungumza habari za posa. Unalijua hilo?"

"Sijui. Nitajulia wapi?"

"Basi ndiyo hivyo. Shangazi Marziya alileta posa kabla ya Muharram. Kijana anaitwa Salman. Mama akamwambia tungoje msiba uishe."

Taa ikageuka kijani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Na msiba umeisha jana," nikasema.

"Wanakuja Jumapili."

Kwa hiyo ile nyeusi niliyokuwa nikiihurumia ndiyo iliyokuwa ikitulinda, na hii ya manjano niliyoipigia vigelegele ndiyo hukumu. Nikajiona mjinga. Nilimtakia ubibi harusi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ulijua tangu Juni," nikasema.

"Nilijua."

"Tumekula pamoja, tumekwenda ziwani pamoja, tumelia pamoja kwa ajili ya mjane wa mishumaa, na wewe unajua."

"Nilidhani nitapata cha kusema kabla msiba haujaisha."

"Umepata?"

Aliingiza gari kwenye maegesho ya maduka, mbele ya duka la chapati za roti, akasimama. Watu walikuwa wakiingia na kutoka na mifuko yao, harufu ya bizari ikatufikia. Mimi sikupandisha sauti. Hasira yangu ikiwa kubwa hushuka chini, na wanaonijua huogopa zaidi hivyo.

"Nikuulize swali moja," nikasema. "Huyu mjane. Ukurasa wa mwisho unasemaje?"

"Oti..."

"Nijibu tu."

"Wanazeeka pamoja," akasema. "Wanahamia juu ya kiwanda. Watu wa mji wanawazoea."

"Na ulipousoma ulifurahi."

"Nilifurahi sana."

"Basi mimi nashindwa kukuelewa, Wajiha. Unawatakia heri Waingereza ambao hata mifupa yao imekuwa udongo. Unawaombea, unakesha nao, huwezi kukaa kitini mpaka uhakikishe wako salama. Mimi niliye hai, niliyeketi hapa na mkanda kifuani, mimi unaniweka sura ya ngapi?"

Akaziba uso kwa mikono. Nilitaka kumgusa, nikajizuia, kwa sababu nikimgusa huwa nasahau nilichokasirikia.

"Hujui zinanifanyia nini riwaya hizo," akasema ndani ya viganja. "Unadhani nakimbilia huko. Mimi mama akisema mambo haya yameanza juzi, yameletwa na Canada, na mwenye nayo ni mtoto aliyeharibiwa na ughaibuni, nakosa la kumjibu. Nikizisoma naona tulikuwepo. Zamani zote tulikuwepo. Tulipika, tulifua, tulipendana, tukazeeka. Kitabu kimoja hakitoshi, ndiyo maana nasoma kingine. Nataka kuambiwa tena na tena."

Hilo nililijua, ingawa sikutaka kulijua saa ile. Shuleni Rugambwa tulikuwa tukisoma riwaya za mapenzi chini ya madawati, zimechakaa hadi majalada hayapo, na mwanamke wa namna yangu akitokea humo alikuwa na njia mbili, aokoke au afe. Mimi nilikuwa nasoma nikijua nitakufa. Na kule kijijini kwetu alikuwepo Ma Abigael na mwenzake, nyumba moja, shamba moja la migomba, mpaka wamekuwa vikongwe, na watu waliwasalimu wote wawili kwa salamu moja na hawakuuliza. Nilipomsimulia Wajiha habari za Ma Abigael alinisimulisha mara tatu. Alitaka kujua walikuwa wakivaa nini, nani alikuwa akilima na nani akipika, aliyefuatia kufa alizikwa wapi. Nilimwambia kando ya mwenzake. Akashusha pumzi utadhani ni ndugu zake.

"Sikuombi uache kusoma," nikasema. "Nakuomba Jumapili usinifanye mimi kuwa kitabu. Mimi siwezi kungoja nife ndipo nipendwe."

"Nakupenda sasa hivi."

"Basi iseme mahali inaposikika."

Hapo simu ikaita. Gari zima likaita, kwa kuwa simu yake imeungwa na spika, na jina la mama likajitokeza kwenye skrini ya gari. Wajiha akanitazama. Nikainua mabega. Akapokea.

"Salaam alaykum, mama."

"Waalaykum salaam. Uko wapi? Nakungoja tukanunue zile leso za mezani."

"Niko njiani, mama. Niko na Otilia."

"Aa, Otilia! Hujambo mwanangu?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mbona Jumamosi hukuja? Nilikuwekea kababu, zimeliwa na Raza zote."

Raza ni kaka yake Wajiha. Mama Kanizfatema ni mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake nikikisikia huwa nasahau niko nchi gani. Nyumba yake ndiyo ya kwanza Canada iliyonipa sahani bila kuniuliza nitaondoka saa ngapi.

"Nilikuwa kazini, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Tena afadhali nimekukuta, maana wewe anakusikia kuliko mimi niliyemzaa. Mwambie rafiki yako. Kijana ana adabu, ana kazi, hana maneno. Mimi siishi milele. Nataka nimwone ametulia. Kila nikisema naye ananiangalia hivi, kama ng'ombe. Hebu niambie ukweli, Otilia, mimi ni mama yako pia. Ana mtu?"

Nikasikia sufuria ya presha ikipiga mluzi jikoni kwa mama, huko Unionville. Ningeweza kusema hana, nikamwokoa. Ningeweza kusema anaye, nikajiokoa. Wajiha alikuwa ameshika usukani wa gari lililosimama.

"Mama," nikasema, "hilo muulize mwenyewe. Yuko hapa anakusikia."

"Haya. Wajiha, nakuuliza. Una mtu?"

"Ninaye, mama."

Mluzi ukanyamaza. Nadhani alizima jiko.

"Si wa kwetu?"

"Si wa kwetu."

"Si Mwislamu?"

"Hapana, mama."

"Mzungu?" Akauliza kwa unyonge wa mtu anayejiandaa kupokea mzigo.

"Si Mzungu. Unamjua. Umempikia."

"Mimi nimewapikia watu wengi, Wajiha."

"Ni Otilia, mama."

Aliitamka wazi. Nilikuwa nimeomba isemwe mahali inaposikika, na sasa imesemwa, na nikatamani nitoke nikimbie mpaka Malvern kwa miguu.

"Otilia huyu?" mama akasema.

"Huyu huyu."

"Aliyeketi hapo anasikia?"

"Niko, mama," nikasema.

Mama akaongea na bintiye peke yake, kama mimi nimekwisha kushuka.

"Haya ni mambo ya Canada. Tungebaki Tanga yasingekukuta."

"Yangenikuta, mama. Yalikuwepo Tanga, yalikuwepo kila mahali. Hayakusimuliwa tu."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nimechoka kukudanganya."

"Nimelea mtoto mimi," akasema. Wajiha machozi yakamtiririka hadi kwenye mtandio wa manjano, hakuyafuta. "Nimelea mtoto wa kusali, wa kusoma. Nitamwambia nini Marziya?"

"Mwambie sitaki kumwonea Salman. Hana kosa."

Mtu na mkewe walipita mbele yetu na mfuko wa roti, wakicheka jambo lao.

"Kumwonea mtoto wa watu ni dhambi," mama akasema hatimaye, taratibu. "Hilo ni kweli. Nitampigia Marziya, wasije Jumapili. Lakini na huyo asije. Nyumbani kwangu asije, Wajiha. Siwezi. Usiniombe."

Nikafumba macho. Nilikumbuka sahani yangu pale mezani kwake, na kiti nilichokaa, na nikaona hiyo ndiyo bei.

"Sawa, mama," Wajiha akasema. "Na mimi Jumapili sitakuwepo."

"Utakuwa wapi?"

"Kwake."

"Kwake!"

"Ndiyo, mama. Nitashinda kwake. Nikirudi jioni, ukinifungulia nitaingia."

"Wewe umeniona mimi wa kufungia watoto nje?"

"Hapana, mama."

"Basi usinitie maneno mdomoni." Akapenga kamasi. Tulingoja akate simu, hakukata. Tulimsikia akifunua sufuria, akikoroga, akifunika. "Huko utakula nini?" akauliza.

"Ndizi. Otilia anajua kupika ndizi."

"Za nazi?"

Wajiha akanigeukia mimi. Hapo ilibidi niseme, na kwenye chakula sijui kusema uongo.

"Kwetu hatutii nazi, mama. Tunatia maharage."

Mama Kanizfatema akaguna, ule mguno wa watu wa Tanga unaomaliza kesi.

"Maharage," akasema. "Tumbo litamuuma mtoto wangu. Wajiha, kuna tui kwenye friza, bakuli la kijani. Asubuhi kabla hujaenda huko, lichukue."

Simu ikakatika. Wajiha akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia na kucheka kwa pamoja, nami nikamshika mkono juu ya gia, jua likiwaka na watu wakipita na roti zao. Nilimwambia ndizi za nazi sijawahi kupika maishani mwangu. Akasema atanifundisha.